Je, Wajua? Kila Kinywaji Kina Saa Yake

Kipindi cha kwanza kimekwisha. Vijana wa chini ya miaka 13 wanatoka uwanjani wakitweta, jezi zimewaganda mgongoni. Mmoja anafungua soda. Mwingine anachomoa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu kwenye begi la shule. Wa tatu anang'ata kona ya mfuko wa juisi ya barafu. Pembeni, juu ya benchi, ndoo ya lita 20 yenye koki imejaa maji yaliyochemshwa, na hakuna anayeigusa.

Mimi ni mmoja wa wazazi wanaobeba ndoo ile kila Jumamosi. Kuirudisha nyumbani ikiwa imejaa ndiko kulikonifanya nianze kudadisi na kukusanya mambo haya kuhusu vinywaji na watoto wanaocheza. Nayaweka hapa kwa ajili ya mzazi, mwalimu wa michezo, na mtoto mwenyewe akipenda kusoma.

1. Mtoto na mtungi hupoa kwa njia moja

Je, wajua kwa nini maji ya mtungini huwa baridi hata mchana wa jua kali? Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno. Maji hupenya polepole hadi nje, yakakaushwa na upepo, na kila tone linalokauka huondoka na joto. Pitisha kiganja kwenye tumbo la mtungi, utaguswa na unyevu: hilo ndilo jasho lake. Mwili wa mtoto anayekimbia hufanya vivyo hivyo. Misuli inatoa joto, ngozi inatoa jasho, jasho linakauka, mwili unapoa. Tofauti ni kwamba mtungi hujazwa kila asubuhi, na mtoto husahaulika.

Watu wa pwani wana tatizo la ziada. Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya Februari imejaa unyevu, kwa hiyo jasho hudondoka kabla halijakauka. Jasho lililodondoka halijapooza kitu. Ndiyo maana mtoto wa pwani anaweza kulowa chapachapa na mwili bado unawaka, ilhali mwenzake wa Iten, kwenye mwinuko wa mita 2,400, jasho lake linakauka upesi hata akadhani hakulitoa. Wote wawili wamepoteza maji.

2. Kumnyima mkimbiaji maji kuliwahi kuitwa sayansi

Je, wajua kwamba kwenye mbio za marathoni za Olimpiki ya St. Louis, Marekani, Agosti 30, 1904, waandaaji walipunguza maji njiani kwa makusudi? Joto lilipita nyuzi 30, barabara zilikuwa za vumbi, na James Sullivan aliyesimamia michezo hiyo alitaka kuona upungufu wa maji unaufanya nini mwili. Walianza wakimbiaji 32, wakamaliza 14. Mshindi, Thomas Hicks, alinyweshwa na wasaidizi wake striknini, ambayo ni sumu, pamoja na ute wa yai na brandi. Alifika mwisho hajiwezi. Katika mbio hizo walikuwamo Len Taunyane na Jan Mashiani kutoka Afrika Kusini, Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki, na wote wawili walimaliza.

Fikra ile haikufia St. Louis. Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa michezo alikataza maji mpaka mazoezi yaishe, akisema maji hulegeza miguu. Tukawa tunaomba ruhusa ya kusukutua mdomo bombani, tunameza funda moja kwa siri. Siku ya mchujo mwenzetu mmoja alianguka kwenye kona ya mwisho, midomo imepauka, akabebwa hadi chini ya mwembe. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, alifundisha alivyofundishwa. Lakini tangu siku ile siwezi kukubali maji yafanywe zawadi ya aliyemaliza kazi.

3. Kichomi kina sababu yake

Wengi tumeambiwa kwamba ukinywa maji katikati ya mchezo utapata kichomi. Imani hii ina chembe ya ukweli. Tumbo lililojazwa kwa mkupuo muda mfupi kabla ya kukimbia huweza kuleta kichomi, na vinywaji vyenye sukari nyingi huchochea zaidi kuliko maji. Dawa yake ni kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara. Kukaa na kiu hakumwondolei mtoto kichomi, kunamwongezea shida ya pili.

4. Kiasi kinajulikana

Je, wajua kwamba madaktari wa watoto wameshaweka vipimo? Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinashauri kwamba mtoto wa miaka 9 hadi 12 anayecheza kwenye joto anywe mililita 100 hadi 250 kila baada ya dakika 20. Hicho ni kama nusu kikombe hadi kikombe kizima. Kijana mkubwa zaidi huweza kuhitaji lita moja hadi moja na nusu kwa saa.

Hata wakubwa husimamishiwa mchezo wanywe. Juni 29, 2014, mjini Fortaleza, Brazil, mwamuzi wa mechi ya Uholanzi na Meksiko alisimamisha mpira wachezaji wapoze mwili, mara ya kwanza kwa mapumziko rasmi ya aina hiyo kwenye Kombe la Dunia. Kama watu wazima waliolelewa na mpira wanapewa dakika za kunywa, mtoto wa darasa la tano kwenye uwanja usio na mti anazistahili zaidi.

5. Vinywaji vya wanamichezo vilitengenezewa majitu

Mwaka 1965, kwenye Chuo Kikuu cha Florida, kocha msaidizi wa timu ya mpira wa Kimarekani aliuliza swali ambalo si la kawaida mezani: kwa nini wachezaji wake hawaendi haja ndogo baada ya mechi? Daktari Robert Cade na wenzake walipochunguza, waliona kwamba maji karibu yote yalikuwa yanatoka kwa jasho, pamoja na chumvi. Wakachanganya maji, chumvi na sukari. Ladha yake ilikuwa mbaya kupita kiasi, hadi mke wa Cade, Mary, aliposhauri watie maji ya limau. Timu hiyo iliitwa Gators, na kinywaji kikaitwa Gatorade.

Tazama kilitengenezewa nani: wanaume wazima wenye miili mikubwa, waliovaa mavazi mazito ya kujikinga, wakigongana kwa saa kadhaa kwenye joto la Florida. Chupa ya nusu lita ya kinywaji cha aina hii huwa na sukari ya karibu gramu 30. Mtoto aliyecheza dakika 40, kisha akaketi kivulini, hajapoteza kitu ambacho maji na chakula cha mchana havitarudisha.

6. Hesabu vijiko, usitazame rangi

Chukua chupa ya soda, geuza upande wa maandishi madogo, tafuta neno sukari. Kola ya kawaida huwa na takribani gramu 10 au 11 kwa kila mililita 100. Kwenye chupa ya nusu lita hiyo ni zaidi ya gramu 50, na kijiko cha chai hubeba gramu 4. Siku moja niliwapimia vijana wetu sukari hiyo kwenye glasi tupu, kijiko kimoja kimoja, nao wanahesabu kwa sauti. Walipofika saba walicheka. Walipofika kumi walinyamaza. Nilimaliza na cha kumi na mbili, na chupa ilikuwa bado inadai.

Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 5 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Soda moja imepita mara mbili. Tena kinywaji kitamu mno hukawia tumboni, kwa hiyo mtoto anarudi kipindi cha pili tumbo linacheza kama debe lenye maji nusu, wakati damu yake bado inayasubiri maji hayo.

7. Kopo la nguvu halimpi mtoto nguvu

Je, wajua kwamba kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu huwa na kafeini ya karibu miligramu 80? Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, mwaka 2015, ilikadiria kwamba mtoto asipite miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtoto wa kilo 25 kikomo chake ni 75. Kopo moja limeshamvusha.

Kafeini haiondoki upesi. Kwa mtu mzima, nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Mtoto akinywa saa kumi na moja jioni kabla ya mazoezi, saa nne usiku bado anageukageuka kitandani, na usingizi ndio wakati mwili wake unakua na kujijenga. Anachokihisi akiwa uwanjani ni moyo kwenda mbio na uchovu kufichwa. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia vinywaji hivi walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata mwaka 2016, na Poland mwaka 2024. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema wazi tangu mwaka 2011 kwamba vinywaji hivi havina nafasi kwenye mlo wa watoto na vijana. Kwangu hapa hakuna mjadala. Kila kinywaji kina saa yake, isipokuwa hiki. Kwa mtoto, saa yake haipo.

8. Dafu ni zuri, lakini lina pengo

Muuza madafu akishaegesha baiskeli, akakata kichwa cha dafu kwa mapigo matatu ya panga, unapata kinywaji kilichofungwa na Mungu mwenyewe. Maji yake yana sukari ndogo kuliko soda, na glasi moja ina potasiamu inayokaribiana na ya ndizi nzima. Lakini onja jasho lako: ni la chumvi. Madini yanayopotea kwa wingi kwenye jasho ni sodiamu, na dafu lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu. Watu wa pwani walishapata jibu bila maabara. Muhogo wa kuchoma uliopakwa chumvi na pilipili hushushiwa na dafu, na pengo linazibwa. Mtoto ambaye jezi yake imekauka na kubaki na michirizi myeupe ndiye hasa anayehitaji hiyo chumvi kwenye chakula.

9. Chumvi na sukari hufunguliana mlango

Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo ambalo limeokoa mamilioni: kwenye ukuta wa utumbo, glukosi na sodiamu huingia pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokumbwa na kipindupindu kambini Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu. Akachanganya maji, chumvi na sukari, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka takribani asilimia 30 hadi chini ya 4. Ndiyo asili ya pakiti ya ORS unayoipata kituo cha afya.

Kwa nyumbani, kipimo kinachojulikana ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi. Usizidishe chumvi. Huu ni mchanganyiko wa mtoto anayeharisha au kutapika. Haupaswi kuwa kinywaji cha kila jioni cha mtoto mzima wa afya.

10. Mabingwa wa mbio ndefu na chai yao

Watafiti walipofuatilia mlo wa wakimbiaji bora kwenye kambi moja ya Bonde la Ufa, Kenya, na kuchapisha matokeo mwaka 2004, hawakukuta friji zenye chupa za rangi. Wakimbiaji wale walikunywa zaidi maji na chai ya maziwa yenye sukari, wakala ugali, mboga na maziwa.

Utasema: mbona Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni Vienna Oktoba 12, 2019 kwa saa 1:59:40, aliletewa chupa na watu wa baiskeli? Ni kweli, na zilikuwa na wanga. Lakini akiba ya wanga kwenye misuli na ini humtosha mtu anayekwenda kasi kwa takribani saa moja na nusu. Kipchoge alikuwa anaimaliza. Mtoto wa mechi ya dakika 50, aliyekula uji au viazi asubuhi, hajaifikia hata nusu. Siku ya mashindano ya kutwa, kama ya UMITASHUMTA ya shule za msingi Tanzania, ambapo mtoto hucheza mechi asubuhi na nyingine alasiri, hapo ndizi au juisi ya matunda iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji ina kazi.

11. Maziwa hukaa mwilini kuliko maji

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliwapa wanaume 72 vinywaji 13 tofauti, kisha wakapima ni kiasi gani kinatoka kama mkojo. Baada ya saa mbili, maziwa na ORS vilikuwa miongoni mwa vilivyobaki mwilini zaidi ya maji matupu. Maziwa yana sodiamu, potasiamu na protini, tena huondoka tumboni polepole, kwa hiyo figo hazishtuki na kumwaga.

Wakalenjin hawakungoja utafiti. Bingwa akirudi nyumbani na medali hupokewa na kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti maalumu ndani. Kwingine ni maziwa ya mgando, kwingine maziwa lala. Protini ile hukarabati misuli iliyochoka. Saa ya maziwa ni baada ya mchezo. Kabla ya mchezo yatakaa tumboni na kumlemea mtoto.

12. Maji nayo yana kikomo

Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu mwishoni. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kuliko inavyotakiwa, na dalili kubwa iliyowatambulisha ilikuwa kuongezeka uzito: walikunywa zaidi ya walivyotoka jasho. Mtoto asilazimishwe kumaliza lita mbili kwa sababu kocha kasema. Ukiwa na mizani, mpime kabla na baada ya mazoezi. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, na uzito haupaswi kupanda. Usipokuwa na mizani, mfundishe kutazama mkojo wake. Ukiwa na rangi ya maji ya ndimu, ni salama. Ukifanana na chai ya rangi, anywe.

13. Mambo mawili mafupi

Je, wajua kwamba gamba gumu la jino huanza kuyeyuka uchachu ukizidi hadi pH ikashuka chini ya 5.5? Soda na vinywaji vingi vya wanamichezo viko chini ya 4, na mdomo uliokauka kwa mbio hauna mate ya kutosha ya kujikinga.

Je, wajua kwamba jua husafisha maji? Chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita mbili, ikijazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani saa sita, mionzi huua vijidudu vingi vya kuharisha. Kukiwa na mawingu, iache siku mbili. Timu isiyo na kuni wala gesi ina paa la bati.

14. Siri ya ndimu

Je, wajua kwamba mtoto akipewa maji matupu mara nyingi hunywa pungufu ya alichopoteza, hata maji yakiwa mbele yake? Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha mwaka 1996 matokeo ya wavulana wa miaka 9 hadi 12 waliofanya mazoezi kwenye joto. Maji yalipotiwa ladha, walikunywa zaidi bila kuambiwa. Niliposoma hayo niliielewa ndoo yetu. Haikuwa ukaidi wa watoto. Maji yale yalikuwa vuguvugu, yanayonuka plastiki.

Jumamosi iliyofuata tuliyalaza maji mtungini usiku kucha, tukayamimina kwenye ndoo alfajiri na kukatia ndimu sita. Kila mtoto alikuja na kikombe chake. Soda tulikubaliana na wazazi zingoje sherehe ya mwisho wa msimu, na maziwa ya mgando yakawekwa kwa ajili ya baada ya mechi.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, foleni ilifika hadi kwenye mstari wa kona. Tuliporudi kipindi cha pili niliiinua ndoo kuihamishia kivulini. Ilipanda kwa mkono mmoja, na ndani yake vipande vya ndimu viligonga plastiki, vikavu.